Linus Pauling: Mshindi wa Nobel mbili aliyetaka vitamini C ipambane na saratani

Na Mwandishi Wetu

MGONJWA wa saratani ya kibofu cha mkojo anaporudi nyumbani na ratiba ya matibabu, si ajabu akakuta ndugu na majirani wamekwisha kumtafutia chupa ya vidonge vya vitamini. Wapo watakaomshauri ameze vitamini C, wengine vitamini E, na wengine mchanganyiko wa zote. Nia yao ni njema: hospitali ifanye kazi yake na vitamini ziongeze nguvu.

Imani hiyo ina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni maisha ya mtu mmoja, mwanakemia wa Marekani Linus Carl Pauling. Hadi leo ndiye binadamu pekee aliyetwaa Tuzo mbili za Nobel bila kugawana hata moja na mwenzake.

Pauling alizaliwa Februari 28, 1901 mjini Portland, katika jimbo la Oregon. Baba yake, Herman, alikuwa mfamasia mwenye duka la dawa, na mtoto alikua akizungukwa na chupa na mizani. Mwaka 1910 Herman alifariki dunia ghafla kwa kidonda cha tumbo kilichotoboka. Linus alikuwa na umri wa miaka tisa, naye mama yake, Belle, akabaki mjane na watoto watatu.

Belle hakuwa na afya njema. Alisumbuliwa na aina ya upungufu wa damu ambayo wakati ule ilikuwa haina tiba, akafariki dunia mwaka 1926 wakati mwanawe akiwa masomoni Ulaya. Baadaye sayansi ilikuja kubaini kuwa ugonjwa huo hutokana na mwili kushindwa kufyonza vitamini B12, ambayo ilitengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948. Mtu ambaye jina lake lingekuja kufungamana na vitamini alimpoteza mama yake kwa kukosa vitamini ambayo bado ilikuwa haijajulikana.

Kijana huyo aliondoka shule ya sekondari bila cheti, akaingia Chuo cha Kilimo cha Oregon mjini Corvallis. Kwa kuwa fedha zilikuwa shida, alifundisha kemia akiwa yeye mwenyewe bado mwanafunzi. Katika darasa mojawapo alikutana na binti aliyeitwa Ava Helen Miller, wakaoana mwaka 1923. Miaka miwili baadaye alipata shahada ya udaktari katika Taasisi ya Teknolojia ya California.

Kazi yake ya kisayansi haihitaji kupambwa. Alieleza namna atomi zinavyoshikamana kuunda molekuli, na kitabu chake cha mwaka 1939 kuhusu jambo hilo kilikuwa mwongozo wa wanakemia kwa miongo kadhaa. Kwa kazi hiyo alipewa Nobel ya Kemia mwaka 1954.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, liko jambo jingine lililo karibu zaidi. Mwaka 1949 Pauling na wenzake watatu walionyesha kuwa selimundu, ugonjwa unaotesa watoto wengi wa Kanda ya Ziwa, unatokana na hitilafu katika molekuli ya hemoglobini, ile inayobeba oksijeni ndani ya damu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ugonjwa wowote kuelezwa kwa hitilafu ya molekuli moja. Tiba mpya za selimundu zinazozungumzwa leo zimejengwa juu ya msingi huo.

Hakujifungia maabara. Yeye na Ava Helen walizunguka wakipinga majaribio ya silaha za nyuklia, na Januari 1958 waliwasilisha Umoja wa Mataifa waraka uliosainiwa na wanasayansi zaidi ya 11,000 kutoka nchi mbalimbali. Serikali yake ilimtilia shaka na iliwahi kumnyima pasipoti. Oktoba 10, 1963, siku ambayo mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia angani ulianza kutumika, ilitangazwa kuwa amepewa Nobel ya Amani ya mwaka 1962.

Hadi hapo huyu ni mtu ambaye dunia ilikuwa na kila sababu ya kumsikiliza. Ndiyo maana kilichofuata kilikuwa na uzito.

Mwaka 1966, akiwa na miaka 65, Pauling alisema katika hotuba mjini New York kwamba angependa kuishi miaka 15 au 20 zaidi ili aone sayansi inakoelekea. Mwanabiokemia mmoja aliyekuwapo, Irwin Stone, alimwandikia barua akimshauri ameze gramu 3 za vitamini C kila siku. Chungwa la wastani lina takriban miligramu 70 za vitamini hiyo, hivyo gramu 3 ni sawa na kula machungwa zaidi ya 40 kwa siku.

Pauling alikubali, na baada ya muda akasema mafua yaliyokuwa yakimsumbua miaka yote yamepungua. Kidogo kidogo alipandisha dozi hadi kufikia gramu 18.

Ikumbukwe kwamba tiba ya chakula haikuwa ngeni kwake. Mwaka 1941 alipougua figo, ugonjwa ambao wakati huo uliua wengi, daktari Thomas Addis wa Chuo Kikuu cha Stanford alimwandalia mlo usio na chumvi na wenye protini kidogo. Aliufuata kwa miaka mingi na akapona. Si vigumu kuelewa kwa nini mtu wa namna hiyo alivutwa na wazo kwamba kinachoingia kinywani kinaweza kushindana na maradhi makubwa.

Kitabu chake kuhusu vitamini C na mafua kilitoka mwaka 1970, na maduka ya dawa ya Marekani yakaishiwa vidonge. Madaktari walilalamika kuwa ushahidi ni hafifu. Wananchi walinunua.

Kutoka mafua alivuka kwenda saratani. Mwaka 1971 alianza kuandikiana na Ewan Cameron, daktari mpasuaji wa hospitali ya Vale of Leven huko Scotland, ambaye alikuwa akiwapa vitamini C wagonjwa ambao tiba za kawaida hazikuwa na la kuwafanyia tena. Mwaka 1976 wawili hao walichapisha matokeo ya wagonjwa 100 waliopewa gramu 10 kwa siku, wakiwamo wa saratani ya kibofu. Waliwalinganisha na wagonjwa 1,000 ambao kumbukumbu zao zilitolewa katika hospitali hiyo hiyo. Waliopewa vitamini waliishi kwa wastani siku zaidi ya 200, wengine siku 50.

Tofauti hiyo ilikuwa kubwa mno, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Wagonjwa hawakugawanywa kwa kura. Wale 1,000 walichaguliwa katika mafaili ya zamani, na haikuwezekana kujua kama walihesabiwa kuwa mahututi katika hatua ile ile ya ugonjwa. Ukianza kumhesabia mmoja siku zake mapema na mwingine ukachelewa, wa kwanza ataonekana ameishi zaidi hata kama dawa haikufanya lolote.

Hospitali ya Mayo, mjini Rochester, Minnesota, iliamua kupima dai hilo kwa njia kali zaidi. Wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapewa gramu 10 za vitamini C na nusu vidonge visivyo na dawa, bila mgonjwa wala daktari kujua nani anameza nini. Matokeo ya kwanza yalitoka mwaka 1979: hakuna tofauti. Pauling alipinga, akisema wengi wa wagonjwa hao walikuwa wamekwisha kudhoofishwa na tiba ya kemikali. Mayo walirudia kwa wagonjwa 100 wa saratani ya utumbo ambao hawakuwa wamepata tiba hiyo. Mwaka 1985 jibu lilikuwa lile lile.

Mzee huyo alikasirika. Alidai kuwa wagonjwa waliachishwa vitamini mapema mno, na hoja zake hazikuwa za bure zote. Cameron alianza kwa kuwatundikia wagonjwa vitamini hiyo kwa dripu, wakati Mayo walitoa vidonge peke yake. Uchunguzi wa miaka ya 2000 ulithibitisha kuwa utumbo huweka mpaka: hata umeze kiasi gani, kiwango katika damu hakipandi kupita hapo, ilhali cha dripu hupanda mara nyingi zaidi. Kwa sababu hiyo majaribio ya dripu yameendelea kufanywa, ingawa hadi leo vitamini C haijakubaliwa kuwa tiba ya saratani. Kwa anayemeza vidonge nyumbani, hoja ya dripu haimsaidii.

Wakati mabishano yakiendelea, ugonjwa ulikuwa umekwisha kuingia nyumbani mwake. Mwaka 1976 Ava Helen aligundulika kuwa na saratani ya tumbo. Alifanyiwa upasuaji, hakupewa tiba ya kemikali, akameza gramu 10 za vitamini C kila siku. Aliishi miaka mitano, akafariki dunia Desemba 7, 1981. Mumewe, aliyeongozwa na ushahidi maisha yake yote, alikuwa ameng'ang'ania tumaini kwamba angepona. Ni vigumu kumlaumu kwa hilo. Hata hivyo wagonjwa wengi walimwandikia wakiomba ushauri, na majibu yake yalitoka kwa mtu ambaye hakuwa daktari wa tiba na ambaye tayari alikuwa amechagua upande.

Haki itendeke pia: Pauling na Cameron walitaka vitamini iende pamoja na upasuaji na mionzi. Waliokimbia hospitali kwa kutegemea vidonge walikwenda mbali kuliko mwalimu wao.

Na je, ikiwa ni nyongeza tu? Ni hapa ambapo saratani ya kibofu inaingia kwa uzito. Saratani hii, ambayo dalili yake kuu ni damu katika mkojo, ikigunduliwa kabla ya kuingia katika msuli wa kibofu hukwanguliwa kwa kifaa kinachopitishwa njia ya mkojo. Balaa lake ni kurudi. Ili kuizuia, madaktari huingiza kibofuni chanjo ya BCG, ile ile wanayochanjwa watoto dhidi ya kifua kikuu, kwa kawaida mara moja kwa wiki kwa wiki sita. Njia hiyo ilitangazwa nchini Canada mwaka 1976, mwaka ule ule wa ripoti ya Pauling na Cameron.

Mwaka 1994 daktari Donald Lamm na wenzake wa Chuo Kikuu cha West Virginia walitoa matokeo ya wagonjwa 65 wa BCG. Baadhi walipewa vitamini kwa kiwango cha kawaida, wengine dozi kubwa za vitamini A, B6, C na E pamoja na zinki. Saratani ilirudi kwa wagonjwa 24 kati ya 30 wa kiwango cha kawaida, na kwa 14 tu kati ya 35 wa dozi kubwa. Safari hii wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu, na hospitali haikukimbiwa na mtu. Ilionekana kana kwamba mzee wa California alikuwa na haki.

Lakini wagonjwa 65 ni wachache. Jaribio kubwa zaidi, la wagonjwa 670 wa BCG, lililochapishwa mwaka 2010, halikuona faida yoyote ya dozi kubwa. Mwaka 2023 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo ya wagonjwa waliopewa madini ya seleniamu na vitamini E: seleniamu haikusaidia, na waliomeza vitamini E walirudiwa na saratani zaidi kuliko wasiomeza. Chupa iliyonunuliwa kwa mapenzi, kumbe, inaweza kudhuru. Dozi kubwa za vitamini C nazo huongeza hatari ya mawe katika figo, na vitamini A ikizidi huumiza ini.

Majaribio hayo yalifanywa katika nchi ambako sigara ndiyo chanzo kikuu cha saratani ya kibofu. Kwetu kuna chanzo kingine, kichocho cha njia ya mkojo, ambacho mara nyingi huleta saratani ya aina tofauti. Mtu anayekojoa damu anahitaji vipimo, kwa kuwa hakuna kidonge cha vitamini kinachoua minyoo ya kichocho.

Pauling hakuyaona hayo. Desemba 1991 aligundulika kuwa na saratani ya tezi dume. Alifanyiwa upasuaji, akaendelea na vitamini zake, akiamini kuwa ndizo zilizouchelewesha ugonjwa huo kwa miaka mingi. Alifariki dunia Agosti 19, 1994 katika shamba lake karibu na Big Sur, California, akiwa na miaka 93. Aliipata ile miaka 20 aliyoitamani, na minane juu yake.

Taasisi ya utafiti aliyoianzisha mwaka 1973 ilihamishiwa mwaka 1996 katika chuo chake cha zamani cha Corvallis, ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon. Bado inabeba jina lake, na kwa mtu mzima mwenye afya inapendekeza miligramu 400 za vitamini C kwa siku. Mwanzilishi wake alikuwa akimeza 18,000.