Ibn Battuta na Mlima wa Theluji

Ndugu msomaji, wamjua Ibn Battuta? Alitoka Tangier, Morocco, mwaka 1325 akiwa kijana wa miaka 21, nia yake Hija. Mwaka 1331 alifika hata Mombasa yetu. Baadaye, akielekea India, akakutana na milima ya Hindu Kush, Afghanistan. Baridi yake iliua watumwa wengi waliopitishwa pale. Je, aliivamia tu? La! Alingoja Kunduz kama siku 40, joto liingie, ngamia na farasi wapate malisho. Kwenye theluji walitandika nguo nzito za sufi ngamia wasizame. Septemba 1333 akafika mto Indus salama, alhamdulillah. Basi kijana mwenzangu, subira si kukaa bure, ni kujiandaa. Ramadhani hii je, wewe wajiandaa?