James Watt: Fundi aliyeikabidhi valvu kwa mashine

FUNDI wa mashine ya kusaga inayotumia injini ya dizeli anakijua kifaa kiitwacho gavana. Mahindi yanapojaa na mashine kuelemewa, gavana huongeza mafuta, yanapoisha, huyapunguza. Aliyekiingiza kifaa cha aina hiyo katika injini za viwandani ni James Watt.

Watt alizaliwa Januari 19, 1736 mjini Greenock, Scotland. Mwaka 1755 alikwenda London kujifunza utengenezaji wa vipimo. Aliporejea Glasgow, chama cha mafundi kilimzuia kufungua karakana kwa kuwa hakuwa ametimiza miaka ya uanagenzi. Chuo Kikuu cha Glasgow ndicho kilichompa chumba cha kufanyia kazi.

Humo ndimo alimoletewa mfano wa injini ya mvuke ya Newcomen autengeneze. Aligundua kuwa silinda ilipashwa moto na kupoozwa kila pistoni ilipopiga, hivyo makaa ya mawe mengi yalipotea bure. Mwaka 1765 alibuni chombo cha pembeni cha kupoozea mvuke, na mwaka 1769 akapata hataza.

Hata hivyo, uvumbuzi haukumletea fedha mara moja. Mbia wake wa kwanza, John Roebuck, alifilisika, na Watt akawa anapima mifereji ili familia ipate riziki. Mkewe, Margaret, alifariki mwaka 1773.

Mambo yalibadilika alipoungana na Matthew Boulton, mwenye kiwanda wa Birmingham. Mwaka 1775 Bunge la Uingereza lilirefusha hataza hadi mwaka 1800. Wenye migodi walitakiwa kuwalipa theluthi moja ya fedha walizookoa kwenye makaa.

Valvu yapata msimamizi

Injini zilipoanza kuzungusha mashine za viwandani, lilizuka tatizo jipya. Kazi ikipungua ghafla, injini ilikwenda mbio, ikiongezeka, ilizubaa. Ilibidi mtu akae karibu na valvu ya mvuke akiifungua na kuifunga.

Mwaka 1788 Boulton aliona katika kinu cha Albion, London, kifaa chenye mipira inayozunguka, kilichotumika kurekebisha mawe ya kusagia. Alimweleza Watt, naye akakiunganisha na valvu ya mvuke. Injini ikizidisha kasi, mipira hutanuka na fimbo huifunga valvu kidogo. Kasi ikishuka, mipira hushuka na valvu hufunguka. Watt hakukiombea hataza, kwani wenye vinu vya upepo walikuwa wakikitumia kifaa cha namna hiyo.

Kutoka fimbo hadi waya

Katika viwanda vya leo, kazi ya kifaa kile imegawanywa mara tatu. Kipimo husoma joto au mgandamizo. Kompyuta ya kudhibiti mitambo hulinganisha kipimo hicho na kiwango kilichowekwa. Kisha kiendeshi, kinachotumia umeme au hewa, huigeuza valvu.

Kwa miaka mingi amri imepelekwa kwa mkondo wa umeme wa miliampia 4 hadi 20. Kwa kawaida 4 ni kufunga na 20 ni kufungua kabisa. Ikisomeka sifuri, fundi anajua waya umekatika.

Baadaye zilikuja njia za mtandao, mojawapo ikiwa Modbus iliyotolewa mwaka 1979. Waya mmoja huhudumia valvu nyingi, kila moja ikiwa na namba yake. Kompyuta huita namba, hutuma asilimia ya kufungua, kisha huuliza valvu imefika wapi. Jibu lisipolingana na amri, kengele hulia.

Fimbo ya Watt haikuhitaji kuuliza, kwa sababu ilishika valvu yenyewe. Waya unaweza kukatika. Ndiyo maana viendeshi vingi vina springi inayoipeleka valvu mahali salama umeme ukipotea: ya mafuta ijifunge, ya maji ya kupoozea ijifungue. Mwenye kiwanda anayenunua valvu hizi aulize mambo mawili kabla ya bei: je, inatoa taarifa ya ilipo, na umeme ukikatika inakwenda wapi?

Watt alistaafu mwaka 1800 na kufariki Agosti 25, 1819 karibu na Birmingham, akiwa na umri wa miaka 83. Jina lake limebaki kuwa kipimo cha nguvu ya umeme, wati, kinachoandikwa kwenye kila balbu.