Muyaka Tumwiteje?

Katika insha ninazosahihisha za wanafunzi wa Kibera na Kawangware, kila msifiwa ni gwiji. Mcheza kandanda ni gwiji, mwimbaji ni gwiji, na Muyaka bin Haji ni gwiji vilevile. Neno halina ila. Ila ni kulifanya vazi la kila mwili.

Muyaka alizaliwa Mombasa yapata mwaka 1776. Aliishi chini ya Wamazrui, na mji wake ulipoandamwa na Seyyid Said wa Oman, aliutetea kwa mashairi ya kejeli na ya kutia watu shime. Wamazrui walianguka mwaka 1837, naye yu hai bado. Lakini hakutunga vita peke yake. Alitunga mapenzi, ukata, safari na mafumbo, katika beti za mishororo minne, hata mambo ya sokoni na barazani yakapata heshima ya ushairi.

Basi tumwiteje? Kwa kupanga vina na mizani, ni stadi. Kwa kumjibu hasimu papo hapo, ni mahiri. Kwa kutunga, ni malenga. Manju simwiti, kwani manju ni wa ngomani.

Alifariki yapata mwaka 1840, tungo zake zikabaki vifuani mwa watu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah ndiye aliyezikusanya, William Taylor akazihifadhi, na diwani ikapigwa chapa mwaka 1940. Huyo Sikujua, sijaona insha iliyompa jina lolote la sifa.