Rabin: Aliwashinda majirani wote, walowezi wakamshinda

Hapa Kenya jina la Yitzhak Rabin huja na stori moja tu, ile ya Entebbe. Yeye ndiye aliyekuwa waziri mkuu wa Israeli Julai 1976, makomando walipowaokoa mateka kule kwa Idi Amin, kisha ndege zao zikapitia Nairobi kujaza mafuta. Stori tamu, hata filamu zipo. Lakini aliyekuja kummaliza mzee huyu hakutumwa na Amin. Alitoka nyumbani kwao.

Alizaliwa Yerusalemu 1922, akaingia kwa mambo ya vita akiwa kijana. Na tusimfanye malaika. 1948, akiwa na miaka 26, ndiye aliyetia sahihi amri ya kuwafukuza Wapalestina wa mji wa Lydda. Maelfu walitembea juani na vifurushi vyao, na wengi hawakurudi tena. 1967, sasa akiwa mkuu wa majeshi, alizipiga Misri, Jordan na Syria kwa siku sita. Israeli ikatwaa Ukingo wa Magharibi, Gaza na Yerusalemu Mashariki.

Shida ikaanzia kwa ushindi huohuo. Kuna Wayahudi walioamini ardhi ile ni ahadi ya Mungu, wakaanza kwenda kujikatia makao. Mwishoni mwa 1975 kundi la Gush Emunim lilipiga kambi Sebastia, karibu na Nablus, bila ruhusa. Rabin hakuwapenda hata kidogo. Aliwaona kama ugonjwa ndani ya nchi yake. Jeshi alikuwa nalo. Badala ya kuwaondoa, serikali yake ikakubali familia kadhaa zihamie kambi ya kijeshi ya Kadum, eti kwa muda tu. Mimi naona mechi aliipoteza hapo.

Intifada ilipolipuka 1987 alikuwa waziri wa ulinzi, akaizima kwa rungu, vijana wa Kipalestina wakavunjwa mifupa. Haikuzimika. Pengine ndiyo ilimfunza kwamba bunduki ina mwisho wake, kwa sababu Septemba 13, 1993 alisimama White House akampa mkono Yasser Arafat. Sura yake siku hiyo ni ya mtu anayemeza mwarobaini.

Sasa, makubaliano yale ya Oslo yaliahirisha suala la makazi ya walowezi hadi mazungumzo ya baadaye. Rabin alipunguza ujenzi mpya, lakini hakubomoa hata makazi moja, na walowezi wakazidi kuongezeka. Februari 1994 mlowezi mmoja aliwapiga risasi Waislamu wakiswali Hebron, akaua 29. Rabin alifikiria kuwahamisha walowezi mia chache wanaoishi katikati ya mji ule. Akasita. Waliowekewa kafyu ni Wapalestina, yaani waliofiwa ndio waliofungiwa nyumbani.

Novemba 4, 1995, baada ya mkutano mkubwa wa amani Tel Aviv, mwanafunzi wa sheria, Myahudi mwenye msimamo mkali aliyetaka Oslo ife, alimfyatulia risasi akielekea kwa gari. Alikuwa na miaka 73.

Walowezi wa Ukingo wa Magharibi, bila kuhesabu wa Yerusalemu Mashariki, walikuwa chini ya 150,000 alipouawa. Leo wamepita nusu milioni. Na ile Kadum ya familia chache? Inaitwa Kedumim siku hizi, ina shule na baraza lake.