Winslow Homer: Mchoraji Aliyeishi Kambini

Leo tunawaletea wasomaji wetu, hasa walio katika jeshi na polisi, maisha ya mchoraji wa Marekani ambaye hakuwa askari, lakini aliishi pamoja na askari vitani.

Winslow Homer alizaliwa mjini Boston tarehe 24 Februari, 1836. Alipokuwa na umri wa miaka 19 hivi alitiwa katika kiwanda cha kupiga picha chapa ili ajifunze kazi. Aliiona kazi ile kuwa ni utumwa. Alipotoka mwaka 1857 alikusudia kutokuwa na bwana tena. Hata gazeti la kila wiki la Harper's Weekly lilipotaka kumwajiri alikataa, akapendelea kuliuzia picha moja moja.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, gazeti hilo lilimtuma kwenye Jeshi la Potomac, upande wa Kaskazini. Siku zile mchoraji alichora, kisha fundi mwingine akaichonga picha katika ubao ndipo ipigwe chapa. Hivyo msomaji hakuuona mkono wa mchoraji mwenyewe.

Mwezi Novemba 1862 gazeti lilichapa picha yake ya mlenga shabaha aliyekaa juu ya msonobari, jicho lake kwenye darubini ya bunduki, chupa yake ya maji imetundikwa tawini. Kufikia mwaka 1863 Homer alikuwa ameichora pia kwa rangi za mafuta, miongoni mwa kazi zake za kwanza za namna hiyo. Yeye mwenyewe aliwahi kuchungulia katika darubini kama ile. Miaka mingi baadaye alimwandikia rafiki yake kwamba jambo lile lilimwonekea kuwa karibu sana na uuaji, na kwamba tangu hapo aliliogopa tawi lile la jeshi. Wapo wasomaji wetu watakaobishana naye, maana mlenga shabaha naye hutii amri. Sisi tunamheshimu kwa kuwa hakumchora askari yule kama shetani, wala kama shujaa.

Mwaka 1866 alionyesha picha ya mateka watatu wa Kusini wakisimama mbele ya Jenerali Francis Barlow. Mmoja ni kijana mwenye kiburi, wa pili mzee mwenye ndevu, wa tatu kijana mshamba aliyeduwaa. Silaha zao ziko chini. Hakuna anayetukanwa wala kupigwa. Mshindi na mshindwa wanatazamana tu. Picha hiyo ilimpatia jina, na mwaka 1867 ilionyeshwa Paris.

Hata hivyo sifa hazikumlisha. Aliendelea kuyachorea magazeti mpaka mwaka 1875, ndipo akaacha kabisa, ingawa picha zake za mafuta hazikuwa na soko la uhakika. Mwaka 1881 alikwenda Uingereza, akakaa mwaka na zaidi Cullercoats, kijiji cha wavuvi. Huko aliwatazama wanawake wakingoja mashua na watu wakiokolewa baharini. Mwaka 1883 alihamia Prouts Neck, pwani ya Maine, akaishi peke yake karibu na mawimbi.

Mwaka 1884 alionyesha picha ya mwokozi aliyening'inia kwenye kamba juu ya bahari iliyochafuka, amemkumbatia mwanamke aliyezimia. Uso wa mwokozi hauonekani. Homer aliufunika kwa shali nyekundu inayopeperushwa na upepo. Iliuzwa kwa dola 2,500.

Picha yake iliyoulizwa maswali mengi kupita zote ni ile ya mwaka 1899. Mtu mweusi amelala ndani ya mashua iliyovunjika mlingoti, papa wanamzunguka, na mbali kabisa inapita meli. Watu walitaka kujua kama mtu yule aliokoka. Homer alichukizwa na maswali hayo, akajibu kwa dhihaka. Mwaka 1906 jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, liliinunua kwa dola 4,500. Homer alifariki Prouts Neck tarehe 29 Septemba, 1910, akiwa na umri wa miaka 74.