Nyumba ya Kapiteni Joubert na Mama Agnès



Siku ya yubile, parokia haihesabu miaka ya kuta zake tu. Inahesabu pia watu wake wa ndoa, wale walioahidiana mbele ya altare miaka 25 iliyopita, au 40, au 50, na ambao mpaka leo wanakula pamoja na kusali pamoja. Ndiyo sababu tumeona vema, katika kitabu hiki kidogo, tusimulie habari za mume na mke wa zamani, ambao nyumba yao ilisimama kando ya ziwa Tanganyika wakati wakristu wa nchi hii walikuwa bado wachache. Jina la mume linajulikana sana: ni Kapiteni Ludovic Joubert. Jina la mke halitajwi mara nyingi. Vitabu vinamwita Agnès Atakao, na vingine vimeandika Atakaye. Sisi tutamwita Mama Agnès, kama tunavyomwita kila mwanamke aliyezaa na kulea kati yetu.

Joubert alizaliwa tarehe 22 mwezi wa pili, mwaka 1842, huko Saint-Herblon, upande wa magharibi wa Ufaransa. Mwaka 1860, akiwa na umri wa miaka 18, alikwenda Italia kujiunga na watu wa kujitolea waliotaka kulinda nchi za Papa kwa silaha. Askari hao waliitwa Zuavu. Mwaka huo huo alikuwa vitani Castelfidardo, akabaki katika jeshi hilo na kupanda cheo mpaka akawa kapiteni. Lakini tarehe 20 mwezi wa tisa, mwaka 1870, mji wa Roma ulitekwa, jeshi la Papa likavunjwa, naye akarudi kwao. Alikuwa na miaka 28, hana jeshi wala mke.

Miaka kumi baadaye alisikia mwito mwingine. Askofu mkuu wa Alger, Monsenyeri Lavigerie, ambaye alifanywa kardinali mwaka 1882, alikuwa ametuma Mapadri Weupe kwenye maziwa makuu tangu mwaka 1878. Njia ilikuwa ndefu na ya hatari, nao walihitaji watu wa kuwalinda. Joubert aliondoka pamoja na msafara wa mwaka 1880. Hatari hiyo haikuwa maneno matupu: tarehe 4 mwezi wa tano, mwaka 1881, huko Rumonge, katika nchi ya Burundi, mapadri wawili, Deniaud na Augier, waliuawa pamoja na msaidizi wao D'Hoop. Mwaka 1885 Joubert alirudi Ulaya, na wengi wangeona kwamba amemaliza sehemu yake. Mwaka 1886 alikuwa tena njiani kwenda ziwani, na mwaka 1887 akafika Mpala.

Kituo cha Mpala kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1883 na mwanajeshi Mbelgiji, Kapiteni Storms. Mwaka 1885 mfalme Leopold wa pili alikitoa kwa Mapadri Weupe, pamoja na kile cha Karema, ng'ambo ya ziwa, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Joubert akapewa kazi ya kutawala na kulinda. Alikata mashauri, aliwafundisha vijana kazi ya silaha, na misafara ya watumwa ilipokaribia alitoka kupigana.

Hapa inafaa tusimame kidogo, maana vijana wetu wanasikia neno utumwa bila kujua lilifanya nini ndani ya nyumba za watu. Wafanyabiashara na askari wao walivuka ziwa kwa mitumbwi, wakaingia katika vijiji vya Marungu na vya Manyema. Waliopinga waliuawa. Wanawake na watoto walifungwa, wakavushwa mpaka Ujiji, na kutoka huko wengine wakapelekwa Tabora na hata pwani. Mtoto aliyekombolewa na misioni mara nyingi hakujua tena ukoo wake uko wapi. Mapadri waliwalea watoto hao, na walipokuwa wakubwa waliwaozesha na kuwapa mashamba katika vijiji vya wakristu karibu na misioni. Tufikiri vizuri jambo hilo. Kijana hana mjomba wa kumsemea. Msichana hana baba wa kupokea mali, wala shangazi wa kumfundisha kabla ya arusi. Kwa desturi zetu ndoa ni mapatano ya koo mbili, na katika vijiji hivyo wengi hawakuwa na ukoo hata mmoja wa kuita. Walipaswa kuanza upya, nyumba moja moja, wakiwa na Kanisa peke yake kama shahidi.

Ni kati ya watu wa namna hiyo Kapiteni alipoamua kuoa. Mzungu wa wakati ule alikuwa na njia tatu zilizozoeleka. Aliweza kukaa bila mke, kama mapadri aliowalinda. Aliweza kurudi kwao kutafuta mchumba. Tena aliweza kufanya kama walivyofanya wengi wa serikali na wa biashara: kukaa na mwanamke wa nchi bila ndoa, kisha siku ya kurudi Ulaya kumwacha pamoja na watoto. Joubert hakushika hata moja kati ya hizo. Alimwoa Agnès kwa sakramenti, ndoa ile ile ambayo katekista au mvuvi wa Mpala alifunga, yenye ahadi zile zile na kamba ile ile isiyofunguliwa na mtu.

Walifunga ndoa tarehe 13 mwezi wa pili, mwaka 1888. Tumeangalia kalenda ya Kanisa ya mwaka huo: Paska ilikuwa tarehe 1 mwezi wa nne, basi arusi ilikuwa siku ya Jumatatu, siku mbili tu kabla ya Jumatano ya Majivu. Sheria ya wakati ule ilikataza sherehe za arusi tangu Majivu mpaka oktava ya Paska. Hatudai kwamba ndiyo sababu iliyochagua siku. Lakini kila paroko anayesoma kurasa hizi anajua jinsi wachumba wanavyobisha mlangoni pake katika juma lile. Siku tisa baada ya arusi bwana arusi alitimiza miaka 46.

Mwaka huo huo wa 1888 Kardinali Lavigerie alianza kuzunguka katika miji mikubwa ya Ulaya. Alihutubia Paris, London na Bruxelles, akawaeleza watu mateso ya watumwa wa Afrika, na vyama vya kupinga utumwa vikazaliwa. Sisi hatupunguzi sifa ya kazi hiyo kubwa. Ila tunaona kwamba wakati ulimwengu ulipokuwa ukisikiliza hotuba hizo, huku ziwani jibu moja dogo lilikuwa limekwisha kutolewa, bila makelele. Mwanamke wa nchi ambayo watu wake walitiwa bei sokoni alikuwa ameitwa mke, mbele ya mashahidi, na mtu ambaye nguvu zote za bunduki zilikuwa mkononi mwake.

Nyumba hiyo haikupewa muda wa kupumzika. Kapiteni alijenga boma huko Saint-Louis de Mrumbi, na vita vikazidi. Mwaka 1891 wafanyabiashara wa watumwa walikuwa wameshika karibu pwani yote ya magharibi ya ziwa, isipokuwa sehemu ile iliyolindwa na Joubert. Tarehe 30 mwezi wa kumi mwaka huo, Kapiteni Jacques, Mbelgiji aliyetumwa na chama cha kupinga utumwa, alipofika kumsaidia, alikuta askari wapatao 200 wenye bunduki za kila aina, za zamani na za juzi, nyingi zikiwa bila risasi zinazofaa. Hata dawa zilikuwa karibu kwisha. Tunaposoma habari hiyo, wengi wetu tunafikiri juu ya askari. Tufikiri pia juu ya mke aliyekuwa na miaka mitatu na miezi minane tu katika ndoa, akijua kwamba kila mara mume wake anapotoka, huenda asirudi. Kapiteni Jacques aliendelea kaskazini na kujenga kituo cha Albertville, mji tunaouita leo Kalemie. Kabla ya mwisho wa mwaka 1894 nguvu za wafanyabiashara wale zilikuwa zimevunjwa.

Hatutaki kumfanya Kapiteni malaika. Alikuwa mwanajeshi wa kigeni aliyetawala watu ambao hawakumchagua, katika nchi yenye masultani wake, na wazee wa Marungu wana kumbukumbu zao juu ya bunduki za wazungu, ambazo si zote nzuri. Historia itaendelea kupima mambo hayo, na ni haki yake. Lakini vita vilipokwisha, mtu aliyekuja kwa ajili ya vita tu angefunga mizigo. Jacques alirudi kwao. Storms alikuwa amerudi zamani. Joubert alikaa, kwa sababu kwao palikuwa hapa: alikuwa na mke na watoto.

Vitabu vya wazungu vya wakati ule vimejaa vita vya Kapiteni, na kalamu hizo hizo zilikuwa bahili kwa mke wake. Tunajua alizaa, na kuzaa kwenyewe kunasema mengi. Watoto wao walikuwa kumi. Akina mama wanaotusoma hawahitaji kuelezwa maana yake katika miaka ile: homa, njaa za baada ya vita, kisha ugonjwa wa malale ulioharibu vijiji vya kando ya ziwa mwanzoni mwa karne ya 20. Baadaye jamaa hiyo ilikaa Misembe, upande wa Moba, karibu na misioni kubwa ya Baudouinville ambayo Mapadri Weupe walianzisha mwaka 1893.

Kuna jambo hatuwezi kulipita kimya, hasa sisi watu wa Kanisa. Wakati wa ukoloni wa Ubelgiji, watoto wengi waliozaliwa na baba mzungu na mama mwafrika waliondolewa kwa mama zao na kuwekwa katika nyumba za malezi, nyingi zikiwa mikononi mwa misioni. Wengine hawakuonana tena na mama zao. Maaskofu wa Ubelgiji waliomba msamaha kwa jambo hilo mwaka 2017, na serikali ya nchi hiyo mwaka 2019. Mwezi wa kumi na mbili, mwaka 2024, mahakama ya rufani ya Bruxelles ilihukumu kwamba serikali ya Ubelgiji ilitenda uovu dhidi ya ubinadamu, katika kesi iliyoletwa na wanawake watano waliozaliwa Kongo na kutolewa hivyo kwa mama zao. Tukiwakumbuka watoto hao, tunaelewa zaidi uzito wa ndoa ile ya mwaka 1888. Watoto wa Joubert walikuwa na jina la baba yao, na hakuna aliyeweza kusema kwamba mama yao si mke wa mtu.

Mwaka 1913 ilitimia miaka 25 tangu arusi. Miaka minne baadaye, tarehe 21 mwezi wa saba, mwaka 1917, Baudouinville iliona jambo ambalo nchi nzima ilikuwa haijaliona: Stefano Kaoze, mtoto wa Marungu aliyeanza masomo yake katika seminari ndogo ya Mpala, alipewa upadri na Monsenyeri Roelens, akawa padri wa kwanza wa Kongo. Joubert alikuwa mzee wa miaka 75. Mpala ile aliyoilinda kwa bunduki ilikuwa imemtoa padri. Na Mungu hakuipita nyumba yake mwenyewe, kwani wawili kati ya wana wake na Mama Agnès walifika altareni kama mapadri. Wazazi waliokwisha kumtoa mtoto mmoja kwa Kanisa wanajua gharama yake. Hawa walitoa wawili.

Kapiteni hakwenda tena kuishi Ulaya. Alifariki Misembe tarehe 27 mwezi wa tano, mwaka 1927, akiwa na umri wa miaka 85. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, kesho yake ya sikukuu ya Kupaa kwa Bwana. Tangu Jumatatu ile ya kabla ya Majivu ilikuwa imepita miaka 39, miezi mitatu na siku 14.