Linus Yale na Mlango wa Hazina

Kila usiku kabla ya kulala unafunga mlango wako. Labda unatumia komeo. Labda una kufuli au kitasa. Ndani umeweka chakula, jembe, nguo na fedha kidogo. Ukilala usingizi, kitasa ndicho kinachokesha.

Benki nayo ina mlango wake. Lakini nyuma ya mlango huo hakuna mali ya mtu mmoja. Kuna fedha za mkulima, za mwalimu, za mwenye duka na za mjane. Mlango huo ukishindwa, wote wanaumia siku moja.

Katika somo hili utasoma habari za Linus Yale. Mtu huyu alikufa zamani, lakini jina lake bado linaandikwa juu ya vitasa na kufuli katika nchi nyingi. Pengine umeliona. Sasa utajua alikuwa nani na alifanya nini.

1. MWANA WA FUNDI

Linus Yale alizaliwa tarehe 4 Aprili, 1821, huko Salisbury, katika jimbo la New York, nchini Marekani. Baba yake pia aliitwa Linus Yale. Mzee huyo alikuwa fundi hodari. Alikuwa na karakana katika mji mdogo wa Newport, katika jimbo hilo hilo. Humo alitengeneza vitasa vya benki.

Kijana hakuanza kwa kazi ya baba yake. Yeye alipenda kuchora. Kwa miaka kadhaa alipata riziki yake kwa kuchora picha za sura za watu. Mwaka 1844 alioa mke, jina lake Catherine Brooks.

Alipokaribia umri wa miaka 30, Yale aliingia katika kazi ya vitasa. Lakini ufundi wa kuchora haukupotea bure. Fundi wa kitasa lazima aone kichwani mwake vipande vingi vidogo ambavyo mwenye mlango havioni. Yale aliweza kuvichora vyote kwenye karatasi kabla ya kukata chuma.

2. FEDHA ZA WATU HATARINI

Wakati huo Marekani ilikuwa na benki nyingi ndogo. Kila benki ilikuwa na kasha la chuma au chumba cha hazina. Chumba cha hazina ni chumba chenye kuta nene na mlango wa chuma, na fedha hulazwa humo.

Siku hizo serikali ya Marekani haikuwa na bima ya kulipa akiba za watu. Benki ikiibiwa na kufilisika, mwenye akiba aliweza kupoteza jasho lake lote. Kwa hiyo ubora wa kitasa haukuwa jambo dogo.

Wezi wa benki walikuwa na njia zao. Wengine walitoboa mlango kwa keekee. Wengine walitengeneza funguo za bandia. Wengine walimimina baruti katika tundu la ufunguo, wakaiwasha. Baruti ililipuka ndani ya kitasa, kitasa kikavunjika vipande, na mlango ukafunguka.

Wenye benki walifanya nini? Waliongeza chuma. Mlango ukawa mnene zaidi na mzito zaidi. Lakini tundu la ufunguo lilibaki pale pale. Baruti haikujali unene wa mlango. Ilipita tunduni.

3. VITASA VYASHINDWA LONDON

Mwaka 1851 yalifanyika maonyesho makubwa katika mji wa London, Uingereza. Alikuja huko Mmarekani mmoja, jina lake Alfred Hobbs. Yeye alijua kufungua vitasa bila ufunguo.

Kwanza Hobbs alifungua kitasa cha Chubb, ambacho Waingereza walikiamini sana. Alitumia dakika 25 tu. Kisha akaendea kufuli ya Bramah. Kufuli hiyo ilikuwa imewekwa katika dirisha la duka kwa zaidi ya miaka 60, pamoja na ahadi ya zawadi kwa mtu atakayeifungua. Hobbs aliishughulikia kwa siku 16. Saa za kazi zilikuwa 51. Mwishowe ikafunguka, naye akapewa zawadi yake.

Watu walishtuka. Walijiuliza kama kuna kitasa chochote cha kuaminiwa.

Hobbs naye alikuwa na kitasa alichokisifu, kilichotengenezwa na kampuni yake huko Marekani. Miaka michache baadaye Linus Yale alikichunguza kitasa hicho, akakifungua. Hakufanya hivyo ili aibe. Alitaka kujua udhaifu uko wapi, ili aepukane nao katika kazi yake mwenyewe. Mwaka 1856 aliandika kijitabu kuhusu vitasa na jinsi vinavyofunguliwa bila ufunguo.

Huo ndio ulikuwa utaratibu wake. Kabla ya kusema kitasa ni imara, alijiweka katika nafasi ya mwizi.

4. UFUNGUO UNAOJIFICHA

Yale alitambua kwamba adui mkubwa wa mlango ni tundu lake. Basi akatengeneza kitasa cha benki cha namna mpya.

Ufunguo wa kitasa hicho ulikuwa na sehemu mbili: mpini na meno. Mtunza fedha aliuingiza ufunguo, akauzungusha. Meno yakaachana na mpini. Magurudumu madogo yakayachukua meno, yakayapeleka ndani kabisa, mbali na tundu. Wakati huo huo bamba la chuma kigumu lilikuja kuziba tundu. Kazi ya kufungua ilifanyika huko ndani, mahali ambapo waya wa mwizi haukufika. Meno ya ufunguo pia yaliweza kubadilishwa. Ufunguo ukipotea, benki haikulazimika kununua kitasa kingine.

Mtu mwingine angetosheka hapo. Yale hakutosheka. Tundu lilizibwa, lakini bado lilikuwepo.

5. MLANGO USIO NA TUNDU

Yale akaamua kuliondoa tundu kabisa. Mwaka 1862 alitoa kitasa cha namba kilichoitwa Monitor. Kitasa cha namba hakina ufunguo. Ufunguo wake uko katika kichwa cha mtu.

Hebu tuone kinavyofanya kazi. Nje ya mlango kuna kirungu cha kuzungusha, chenye namba pembeni. Ndani ya mlango kuna visahani vya chuma vilivyopangwa pamoja. Kila kisahani kina pengo moja ukingoni. Ukizungusha kirungu kwa namba za siri, pengo la kila kisahani linafika mahali pake. Mapengo yote yakilingana, kipande cha chuma kinatumbukia ndani yake, na kitasa kinaachia. Pengo moja likikosa kulingana, kipande hicho hakitumbukii.

Sasa fanya hesabu. Tuseme kuna visahani vitatu, na kila kimoja kina namba 100. Zidisha 100 kwa 100, kisha zidisha tena kwa 100. Utapata 1,000,000. Mwizi anayebahatisha ana namna milioni moja za kujaribu, na kesho asubuhi benki inafunguliwa!

Vitasa vya namba vilikuwepo kabla ya Yale. Kazi yake ilikuwa kuviboresha hata benki zikaviamini.

6. MLANGO WENYEWE

Usidhani kwamba kitasa ndicho kinachoushika mlango wa hazina. La. Mlango unashikwa na makomeo manene ya chuma. Ukizungusha usukani ulio nje, makomeo hayo yanatoka na kuingia katika fremu. Kitasa ni kidogo. Kazi yake ni kuyazuia makomeo yasirudi nyuma.

Hata upande wa bawaba mara nyingi kuna vyuma vinavyoingia katika fremu. Mwizi akikata bawaba, mlango unabaki mahali pake.

Mafundi wa zamani walitengeneza mlango kwa matabaka. Tabaka moja ni chuma cha pua, ambacho ni kigumu. Hilo huizuia keekee. Lakini chuma kigumu sana huweza kupasuka kikipigwa nyundo. Kwa hiyo tabaka linalofuata ni chuma laini, ambacho huvumilia kipigo. Chuma kimoja kinasaidia udhaifu wa kingine. Ukingo wa mlango nao ulikatwa ngazi ngazi, ili baruti isipenyezwe kwa urahisi.

7. UFUNGUO MDOGO WA KILA MTU

Yale hakuwasahau watu wa kawaida. Katika nchi ya Misri, tangu zamani, watu walifunga milango kwa makomeo ya mbao yenye vijiti ndani. Vijiti vilishuka, vikazuia komeo. Ufunguo wa mbao uliviinua, komeo likatoka. Baba yake Yale alikwisha tumia njia ya namna hiyo katika vitasa vya chuma. Mwana akaiendeleza.

Alitengeneza silinda ndogo yenye pini. Kila pini imekatwa vipande viwili, na springi inaisukuma. Meno ya ufunguo huziinua pini. Mkato wa kila pini ukifika sawasawa na ukingo wa silinda, silinda inazunguka. Pini moja ikipanda mno au ikipungua, haizunguki.

Serikali ya Marekani ilimpa hati za uvumbuzi huo mwaka 1861 na mwaka 1865. Kabla ya hapo, mlango mnene ulihitaji ufunguo mrefu na mzito. Ufunguo wa Yale ulikuwa bapa na mdogo. Mtu aliweza kuutia mfukoni. Ukitazama funguo za milango mingi leo, utaona ufunguo wa namna hiyo.

8. KIFO CHAKE NA KAZI ILIYOBAKI

Mwezi wa Oktoba 1868, Yale aliungana na kijana mhandisi, Henry Towne, mwenye umri wa miaka 24. Walianzisha kampuni, wakaanza kujenga kiwanda katika mji wa Stamford, jimbo la Connecticut. Yale hakukiona kikiendelea. Tarehe 25 Desemba, 1868, akiwa New York kwa shughuli za vitasa, alikufa kwa ugonjwa wa moyo. Alikuwa na umri wa miaka 47. Towne aliiendesha kampuni, ikawa kubwa sana.

Lakini wezi nao walijifunza. Mlango usio na tundu haukubali baruti. Basi wakamwendea mtu anayejua namba. Mwezi wa Januari 1876, katika mji wa Northampton, jimbo la Massachusetts, wezi waliingia usiku katika nyumba ya mtunza fedha wa benki. Waliwafunga kamba watu wa nyumbani. Wakamtesa yule bwana mpaka akataja namba. Waliiba fedha na hati zenye thamani ya zaidi ya dola milioni moja.

Fundi mwingine, James Sargent wa mji wa Rochester, alikuwa amekwisha pata dawa ya jambo hilo. Mwaka 1873 alitengeneza kitasa cha saa. Jioni mtunza fedha huitegesha saa iliyo ndani ya mlango. Mpaka saa hiyo ifike asubuhi, mlango haufunguki, hata kwa namba sahihi. Saa huwa mbili au zaidi. Moja ikisimama, nyingine itafungua. Mwaka 1874 kitasa hicho kilifungwa katika benki moja ya mji wa Morrison, jimbo la Illinois. Baada ya wizi wa Northampton, benki nyingi zilikitaka.

Angalia faida yake. Mwizi akijua kwamba mtunza fedha hawezi kufungua usiku, hana sababu ya kumtesa. Kitasa cha saa kililinda fedha, na pia kililinda mtu.

9. SISI TUNAJIFUNZA NINI?

Ndugu msomaji, katika vikundi vingi vya kuweka na kukopa huku kwetu, fedha hukaa katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo hushikwa na wanachama watatu. Sanduku hukaa kwa mtu wa nne. Hakuna mmoja anayeweza kulifungua peke yake. Utaratibu huo ni ndugu wa kitasa cha saa. Unalinda akiba, na unamlinda mshika sanduku asisumbuliwe wala asishukiwe.

Lakini sanduku lina matundu mengine. Mtu mmoja akishika funguo mbili, hilo ni tundu. Daftari lisiposomwa mbele ya wanachama, hilo ni tundu. Namba ya siri ya simu ikitajwa kwa jirani, hilo pia ni tundu. Wewe sasa unajua kusoma na kuhesabu. Lisome daftari. Hesabu fedha pamoja na wenzako. Fanya kama Yale: litafute tundu wewe kabla mwizi hajalipata.

MASWALI YA KUJADILI

1. Linus Yale alifanya kazi gani kabla ya kutengeneza vitasa?
2. Kwa nini kuongeza unene wa mlango hakukuwazuia wezi wenye baruti?
3. Kitasa cha namba kina visahani vitatu, na kila kimoja kina namba 50. Mwizi ana namna ngapi za kujaribu?
4. Kitasa cha saa kilimlindaje mtunza fedha?
5. Katika kikundi chenu, nani wanashika funguo? Je, kuna tundu lolote la kuzibwa?